Kilemba kisichoteleza, siku nywele zimegoma

Kanga nzima kichwani ni mzigo. Upana wake wa sentimita 110 hivi hulundikana kisogoni, na shingo ya mama wa miaka 60 huchoka kabla ya adhuhuri. Kwa joto la Mtwara na Lindi, nunua yadi mbili za kitenge cha pamba, kichane katikati kwa urefu, upate vilemba viwili vya sentimita 183 kwa 57. Kimoja chako, kingine mpe shoga yako. Ukiwa dukani fikicha ncha ya kitambaa ngumini: pamba hubaki na makunyanzi, poliesta hunyooka upesi, nayo itakutokosa kichwa. Pinda kingo, kisha ukifue mara moja. Kitenge kipya ni kigumu, fundo lake hufunguka.

Nywele ziwe kavu kabisa, maana mbichi zikifungiwa hunuka na ngozi huwasha. Mabutu manne yaliyolegea yanatosha. Juu yake vaa kofia ya ndani ya pamba. Satini ni laini kwa nywele, ila kilemba huserereka juu yake.

Sasa keti mbele ya kioo, viwiko mezani, ili mabega yasiumie. Inamisha kichwa. Katikati ya kitambaa ikae kisogoni, na upindo wa chini ushuke hadi chini ya ule mfupa uliotokeza nyuma ya kichwa. Hapa ndipo kilemba kinaposhika. Wengi hukiishilizia juu ya mfupa, kinapanda kidogo kidogo mpaka kinatoka, halafu wanakaza. Kukaza hakusaidii: kunaumiza kichwa na kukata nywele za pembeni, ambazo kwa umri huu zimeshapungua.

Upindo wa juu uache uanguke usoni. Leta ncha mbili mbele, zipite juu ya masikio, zipishane penye mstari wa nywele, funga fundo moja. Pitisha vidole viwili chini ya kitambaa kwenye panja, visipoingia, legeza.

Kile kipande kinachoning'inia usoni, kama sentimita 15, kirudishe juu kifunike fundo, kisha funga fundo la pili juu yake. Ncha zilizobaki zisokote pamoja kama kamba, zizungushe kwenye fundo mithili ya ua, na mwisho wake uchomeke chini. Usizungushe kwa haraka: msokoto ukilegea, ua linalala. Pini moja, ipite kwenye ua na kitambaa cha chini pamoja.

Mvi zikichungulia mbele kwa upana wa kidole, ziache. Zinampendeza mtu mzima kuliko kilemba kilichoshushwa hadi nyusi.

Ukivuka kwa boti kwenda Msangamkuu, ng'ambo ya Mtwara, wakati wa kusi, usiweke ua. Zirudishe ncha kisogoni, zifunge, zichomeke ndani; upepo hautapata pa kushika.