Jinsi ya kukusanya chawa wa bata pori bila kuchanganya sampuli

Wadau wa Dar mnaoanza kazi hii, kinachoharibu sampuli za chawa wa ndege kuliko vyote ni kuchanganya. Chawa wengi wana ndege wao maalum, kwa hiyo chawa ambaye hujui katoka kwa bata yupi hana faida tena kwenye utafiti.

Kwanza kabisa kibali. Hata hawa bata wenye uso mweupe unaowakuta kwenye mipunga kule Ruvu ni wanyamapori, huwakamati kiholela, utafiti unaanzia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania). Halafu glavu na barakoa, mafua ya ndege si mchezo. Chawa wenyewe wakikupandia mkononi usihofu, hawawezi kuishi kwa binadamu.

Andaa unga wa pareto (upo wetu kabisa, unalimwa Iringa na Mbeya), trei nyeupe, kibano, brashi ndogo ya kuchorea, vichupa na ethanoli. Kama utapima DNA tafuta ya asilimia 95, ya 70 inatosha kwa kuangalia umbo.

Hatua ya 1: bata mmoja, mfuko mmoja. Mfuko wa kitambaa ukishatumika haupokei bata mwingine mpaka ufuliwe. Ukiokota aliyekufa mfunge kwenye plastiki palepale, maana mwili ukianza kupoa chawa wanahama, hasa chawa aitwaye Trinoton, ni mkubwa halafu ana mbio balaa, ukichelewa huyo humpati.

Hatua ya 2: mwenzio amshike bata juu ya trei, wewe ingiza pareto kwenye manyoya mpaka ifike kwenye ngozi, mgongoni, tumboni, chini ya mabawa, ila usisogeze unga machoni wala mdomoni. Subiri dakika chache, kisha pekua manyoya kwa vidole chawa wadondoke, rudia mpaka uone hawadondoki tena.

Kichwani tumia macho na kibano. Hapo wanakaa Anatoecus, wafupi wanene kidogo, kwa sababu bata hawezi kujichambua kichwa chake kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa kunjua bawa ulielekeze kwenye mwanga: utamuona Anaticola, mwembamba kama uzi, kajilaza katikati ya nyuzi za unyoya, na mdomo wa bata ukipita hapo unamkosa. Na mayai yapo, yamegandishwa kwenye unyoya wenyewe, kata kipande cha unyoya utie kwenye kichupa, usiyakwangue yatapasuka.

Hatua ya 3: chovya brashi kwenye ethanoli, mguse chawa atanasa, mtie kichupani. Lebo iwe karatasi iliyoandikwa kwa penseli na ikae NDANI ya kichupa, wino wa kalamu unayeyuka humo: aina ya bata, namba yake, mahali, tarehe. Kabla ya bata mwingine osha trei, safisha brashi na kibano, badili glavu. Hata kama jua la saa sita limewachosha wote, osheni.

Ukifika kwenye hadubini anza na vipapasio (antena). Vikionekana wazi pembeni mwa kichwa, yuko kundi la Anaticola na Anatoecus, vikiwa vimefichwa kwenye vijishimo chini ya kichwa, tafuta upande wa Trinoton.