Ukiandika "vikwazo", taja kilichozuiwa

Februari 2022, siku chache baada ya Umoja wa Ulaya kutangaza kwamba umeondoa vikwazo vyake kwa Burundi, mama mmoja muuza dagaa alinifuata ofisini Mwanga, hapa Kigoma. Alikuwa amesikia redioni kwetu taarifa ya habari ya saa saba mchana, ambayo niliihariri mimi. "Dada, mmesema vikwazo vimeondolewa. Sasa pale Kibirizi ushuru unashuka lini?"

Vikwazo vile havikuhusu boti za Kibirizi hata kidogo. Ulikuwa uamuzi wa Machi 2016 wa kusimamisha fedha za msaada zilizokuwa zikipitia mikononi mwa serikali ya Bujumbura. Mimi nilikuwa nimeandika neno moja tu, vikwazo, halafu nikapita. Yule mama akalijaza kwa mambo anayoyajua yeye: boti, ushuru, magunia ya dagaa. Hakukosea. Aliyekosea ni aliyeandika.

Tangu siku hiyo kila kijana anayeanza kazi kwetu namwelekeza hivi. Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, shika karatasi ujibu: nani ameweka, amemwekea nani, kimezuiwa nini, tangu lini, na wanataka kitu gani ndipo wafungue. Jibu la "kimezuiwa nini" ndilo liingie kwenye sentensi ya kwanza. Mengine yatafuata.

Kiswahili kinatumia neno hilohilo kwa kufunga mpaka mzima na kwa kumnyima afisa mmoja viza. Burundi imeonja vyote viwili. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alipindua serikali, na tarehe 31 viongozi wa nchi jirani wakakutana Arusha wakaamua kuifungia Burundi biashara. Mimi nilikuwa darasa la sita, baba yangu kuli bandarini. Alizoea kurudi jioni na vumbi la saruji hadi kwenye kope. Siku zile alirudi saa nne asubuhi, shati safi, akakaa barazani bila kusema na mtu. Hivyo ndivyo vikwazo vya 1996 vilivyokuwa: shehena ya Bujumbura haipiti, na njaa yake inafika mpaka upande wa waliovikubali.

Sasa linganisha na Oktoba 2015, baada ya ghasia za muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi. Umoja wa Ulaya uliwazuia watu wanne kusafiri kwenda Ulaya na kuzifungia mali zao. Watu wanne! Hapo usiandike "Burundi yawekewa vikwazo". Andika "Watu wanne wa Burundi wazuiwa kuingia Ulaya". Ni refu kidogo, lakini hakuna msikilizaji atakayekimbilia kununua mafuta ya taa ya akiba.

Vitenzi navyo vina wenyewe. Kulegeza si kusimamisha, na kusimamisha si kuondoa. Aprili 1997 vikwazo vya Arusha vililegezwa, vyakula na dawa vikaruhusiwa. Januari 1999 vikasimamishwa. Anayeruka kutoka 1996 hadi 1999 bila kutaja 1997 anamficha msomaji jambo kubwa: kwamba waliovifunga wenyewe waliona vinamuumiza raia.

Wakati mwingine vichwa viwili vinavyogombana ni vya kweli vyote. Tarehe 4 Machi 2024 Marekani ilifuta mpango wake wa zamani wa vikwazo dhidi ya Zimbabwe, na siku hiyohiyo ikamwekea vikwazo Rais Emmerson Mnangagwa pamoja na watu wengine na kampuni tatu, kwa kutumia sheria nyingine. Wako walioandika "vyaondolewa" na wako walioandika "vyawekwa". Usichague upande. Eleza kipi kimekufa na kipi kimezaliwa.

Zimbabwe inafundisha pia kushika tarehe. Serikali ya Harare husema uchumi umeuawa na vikwazo. Wapinzani wake husema vinawagusa wakubwa wachache tu. Weka mezani mambo mawili. Sheria ya Marekani ya Desemba 2001 inawaagiza wawakilishi wake kupinga mikopo kwa Zimbabwe katika Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia, kwa hiyo si wakubwa peke yao. Lakini IMF ilikuwa imeshaifungia Zimbabwe mlango wa fedha zake Septemba 2001, kwa sababu ya madeni yasiyolipwa. Ukiandika hayo mawili kwa mpangilio wake, hakuna msemaji atakayekufanya kipaza sauti chake.

Hapa ndipo ninapowabana vijana kuliko popote. Wanapenda kuandika vikwazo na mazungumzo kama Simba na Yanga: mwenye msimamo huku, mwenye huruma kule. Hebu rudi Arusha. Msuluhishi wa Burundi alikuwa Mwalimu Nyerere, na kikao kilichofunga mipaka kilitaka bunge lirudishwe, vyama vifunguliwe, na mazungumzo yaanze bila masharti. Kufuli na meza vilitoka chumba kimoja. Septemba 1996 Buyoya akarudisha bunge na vyama. Mazungumzo yenyewe ya pande nyingi yakaanza Arusha Juni 1998. Andika mfuatano huo. Neno "vimefaulu" waachie wahusika walitamke wenyewe, nawe uwataje kwa majina.

Ubaya ni kwamba vikwazo vina tarehe na tamko lililopigwa muhuri, kwa hiyo ni rahisi kuandika. Mazungumzo ni korido na chai, mwandishi anachoka, anaondoka. Usiondoke. Uliza nani yupo ndani na nani hayupo. Tarehe 28 Agosti 2000 mkataba wa amani ya Burundi ulitiwa saini Arusha mbele ya Nelson Mandela, aliyeshika usuluhishi baada ya Mwalimu kufariki, na Rais Bill Clinton naye akiwepo. Picha zilikuwa nzuri sana. CNDD-FDD hawakuwemo kwenye picha hizo, wala FNL, makundi ya waasi yaliyokuwa yakipigana na serikali, na vita vikaendelea. Mwaka 2005 Nkurunziza, kiongozi wa CNDD-FDD, akawa rais. Aliyeandika mwaka 2000 orodha ya wasiokuwepo, hata kwa mistari miwili, alikuwa amewapa wasomaji wake habari ya miaka kumi iliyofuata.

Namba ya yule mama ninayo. Kila ikija habari ya vikwazo, kabla ya kwenda hewani, nampigia na kumsomea sentensi ya kwanza. Akinyamaza, naenda hewani. Akiuliza "kwa hiyo wamezuia nini?", naifuta naandika upya.