Kabla Hujachomoa Kifaa cha USB, Jua Nani Anakitumia

Kompyuta ikikuambia diski bado inatumika, iamini. Mara nyingi haikosei, na wala haikusumbui bure.

Anza na yaliyo wazi. Funga mafaili yote uliyoyafungua kutoka kwenye flashi. Kama terminali yako (dirisha la kuandikia amri) imesimama ndani ya folda ya diski hiyo, iondoe humo. Hilo peke yake linatosha kuizuia diski isitoke. Taa kutopepesa si ushahidi wa kitu chochote.

Linaloponza wengi ni programu isiyo na dirisha. Mteja wangu mmoja, mpiga video wa harusi, alimaliza kuhariri usiku, akabofya kuitoa diski ya nje, Windows ikakataa. Akafunga kila alichokiona kwenye skrini, akajaribu tena, ikakataa tena. Akachoka, akachomoa. Asubuhi alipoichomeka, diski ikaomba kufomatiwa. Ilikuwa ya exFAT, mfumo wa kupanga mafaili usiotunza kumbukumbu za mabadiliko yanayoendelea, kwa hiyo ukiukata katikati ya kuandika, orodha ya mafaili inaweza kuvurugika. Tulihangaika nayo tukaokoa sehemu. Dakika za kufunga ndoa hazikupatikana, na ndoa hairudiwi ili irekodiwe upya.

Kinachouma ni kwamba jibu lilikuwemo kwenye kompyuta yake usiku uleule. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia Windows Logs, kisha System, utafute tukio namba 225 la Kernel-PnP, sehemu ya Windows inayosimamia vifaa. Hapo Windows inaandika jina la programu iliyozuia kifaa kisitolewe, pamoja na namba yake ya prosesi, yaani namba ya programu inayoendeshwa. Kwake ilikuwa programu saidizi ya uhariri, iliyobaki inatengeneza video kimyakimya baada ya dirisha kufungwa. Ukishapata namba, nenda Task Manager, kichupo cha Details, uione ni ipi, kisha iache imalize kazi au uifunge kwa utaratibu wake. Ukikuta imeandikwa System yenye namba 4, hiyo ni Windows yenyewe, usibishane nayo: zima kompyuta kabisa, ndipo uchomoe.

Kwenye Linux ni rahisi zaidi. Kwenye terminali andika sudo fuser -vm ikifuatiwa na njia ya diski, utaonyeshwa kila anayeishikilia. Kwenye Mac tumia sudo lsof na njia iliyo chini ya /Volumes. Usiache sudo, neno linaloipa amri mamlaka ya msimamizi, maana bila hiyo unaweza usione prosesi za watumiaji wengine. Na kwenye Linux usidanganywe na mstari wa kunakili uliofika mwisho; data inaweza kuwa bado imo kwenye RAM. Andika sync, usubiri irudi.

Mambo haya si ya diski tu. Kwenye Windows, porti ya serial hushikwa na programu moja kwa wakati. Porti hiyo, tuseme COM3, ikikataa kufunguka, usikimbilie kununua waya mwingine wala kusakinisha draiva upya; angalia kwanza kama hujaacha Serial Monitor, dirisha la kusomea porti hiyo, wazi mahali. Kwenye Linux uliza sudo fuser -v /dev/ttyUSB0. Mara nyingine utamkuta ModemManager, programu ya Linux ya kusimamia modemu, ambaye hufungua porti mpya kuona kama ni modemu. Kamera nayo iulize hivyohivyo, kwa /dev/video0. Na amri ya lsusb -t, inayoorodhesha vifaa vya USB, ikionyesha usbfs kwenye nafasi ya draiva, jua kuna programu imekishika kifaa moja kwa moja.

Usitumie fuser -k kwa hasira, maana itaua kila kilichoshikilia diski, pamoja na kile kinachoandika kazi yako. Usichomoe kifaa wakati kompyuta imelala. Usining'inize diski ya kazi kwenye habu dhaifu, wala waya uliolegea. Na kabla ya yote hayo, nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine, isiwe folda nyingine ya diski ileile.