Kumpa paka kidonge: usiishie kwenye kumeza

Daktari akishaandika dawa, kazi ya kumwelekeza mwenye paka hunifikia mimi, msaidizi wa kliniki. Kwenye meza ya kliniki paka hujikunyata kwa woga akameza kila anachopewa, na mwenyewe anaondoka akiamini kazi ni nyepesi. Nyumbani paka yuleyule ana miguu kumi na kucha mia. Nimeandika maelezo haya kwa ajili ya jioni hiyo.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujaondoka kliniki

Uliza kama kidonge kinaweza kukatwa au kusagwa. Vingine vina ganda maalumu la kuifanya dawa itoke polepole, na ukivisaga ganda hilo halina kazi tena. Uliza kama kinaliwa na chakula au tumbo likiwa tupu. Halafu uliza kama dawa hiyo ipo ya maji au ya sindano. Watu huona haya kuuliza hili, wakidhani wataonekana wavivu. Ipo antibayotiki ambayo sindano yake moja hufanya kazi mwilini mwa paka hadi siku 14. Haifai kwa kila ugonjwa, lakini kuuliza ni bure.

Ukikosa dawa, usichukue ya kwako kabatini. Parasetamoli inaua paka: ini lake haliwezi kuivunja kama letu, na chembe nyekundu za damu yake huharibika. Hakuna dozi ndogo iliyo salama kwake.

Hatua ya 2: Anza na chakula

Kama daktari ameruhusu chakula, tengeneza vidonge vitatu vidogo vya chakula laini anachokipenda, wakati ana njaa. Cha kwanza kitupu, cha pili ndicho chenye dawa, cha tatu kitupu, na kifuate upesi ili asipate muda wa kutafuna cha pili. Wengine wanaishia hapa, na hongera zao.

Nisichokubali ni kusaga dawa na kuichanganya kwenye bakuli zima. Metronidazoli, kwa mfano, ni chungu mno. Paka akiionja mara moja anaweza kukisusa chakula chenyewe. Paka aliyesusa siku mbili tatu, hasa akiwa mnene, mafuta yanaweza kujaa kwenye ini akaugua vibaya kuliko alivyokuja. Isitoshe, akiacha nusu bakuli hutajua amepata dawa kiasi gani. Na kama dawa ni doksisaiklini, usiifiche kwenye maziwa wala jibini, kwa sababu kalsiamu huizuia kunyonywa.

Hatua ya 3: Andaa vitu

Kidonge, taulo, bomba la sindano la mililita 5 au 6 lisilo na sindano, likiwa limeshajazwa maji. Viwe mezani kabla ya kumwita paka.

Hatua ya 4: Mshike

Mweke juu ya meza, mgongo wake ukielekea kwako, asiwe na pa kurudi nyuma. Akipiga makucha, mfunge kwa taulo kama mtoto mchanga, kichwa tu kikiwa nje. Sipendi kumkamata kwa ngozi ya shingo, kwa kuwa kesho atajificha akikuona tu. Glavu nene za bustani nazo ziache: vidole havisikii chochote, na kidonge kinadondoka.

Hatua ya 5: Fungua mdomo

Mkono mmoja upite juu ya kichwa, kidole gumba na cha shahada vikae kwenye mifupa ya mashavu. Inua pua iangalie dari. Taya la chini hulegea lenyewe kidogo. Kwa kidole cha kati cha mkono wa pili bonyeza meno madogo ya mbele ya chini, kisha dondosha kidonge katikati ya ulimi, nyuma kabisa. Kikikaa mbele au pembeni atakitema. Funga mdomo, shusha kichwa kikae kawaida, mkune koo. Akilamba pua, amemeza.

Kwa wanaoogopa meno kuna kijiti cha plastiki cha kusukumia kidonge. Nunua chenye ncha laini ya mpira tu. Chenye ncha ngumu kinachubua koo.

Hatua ya 6: Maji, kila mara

Hapa ndipo watu humshusha paka na kusherehekea. Subiri. Kidonge kikavu hakifiki tumboni kwa paka kirahisi kama tunavyodhani. Kinaweza kukwama kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, dakika kadhaa, na paka asionyeshe dalili yoyote. Kwa baadhi ya dawa hilo linamsumbua kidogo tu. Kwa doksisaiklini na klindamaisini ni hatari: zinapoyeyukia pale zinaunguza ukuta wa umio. Kidonda kikipona kwa kovu, njia inabana, na siku kadhaa baadaye paka anaanza kurudisha chakula kizima mara tu baada ya kula. Mwenyewe anadhani ugonjwa wa mwanzo umerudi. Kumbe ni dawa.

Kwa hiyo mpe maji mililita 5 hivi baada ya kila kidonge, au umlishe kitu laini papo hapo kama dawa inaruhusu chakula. Siamini vile vipande vikavu vya zawadi. Mimi nataka kitu chenye majimaji.

Namna ya kuyatoa maji ina masharti. Kichwa kiwe usawa wake wa kawaida, usikiinue kama hatua iliyopita. Ncha ya bomba iingie pembeni mwa mdomo, nyuma ya jino la chonge, na maji yatoke kidogo kidogo: sukuma, acha ameze, sukuma tena. Ukimimina yote kwa mkupuo kichwa kikiwa juu, yanaweza kuingia mapafuni, na hapo umezua tatizo jipya. Akikohoa, acha kabisa na umwachie kichwa. Maji yakimwagika kifuani si hoja, ongeza mengine. Kupaka siagi kidogo puani ili ailambe husaidia pia, lakini hakuchukui nafasi ya maji.

Hatua ya 7: Mambo yakiharibika

Povu jingi mdomoni mara tu baada ya dawa kwa kawaida ni uchungu wa dawa, nalo huisha haraka. Akitapika, usirudie dozi kwa kukisia. Piga simu kliniki, useme imepita muda gani. Akikung'ata hadi damu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Meno ya paka ni membamba na huingiza vijidudu ndani kabisa, na kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, mweleze hivyo anayekuhudumia.

Ukishindwa mara mbili mfululizo, mwache apumzike, nawe upumzike. Ikiwa kesho yake hali ni ileile, mrudishe kliniki pamoja na vidonge vilivyobaki. Kubadilishiwa dawa hakuna aibu, na vidonge hivyo usimwekee paka wa jirani.