Mbaazi, Badia na Tui: Kula Vyakula vya Mimea Pekee Siku kwa Siku

Mtu anayeamua kuacha nyama, samaki, mayai, maziwa na asali mara nyingi huanza kwa kuhesabu alivyoviacha, ilhali jiko la Pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, limejaa vyungu ambavyo havijawahi kuhitaji hata kimoja kati ya vitu hivyo. Ushauri wangu ni kuanzia hapo, kwa vyakula ulivyovizoea tangu utotoni, kabla ya kugharimika kwa soseji za soya za dukani. Na kama ni kuanza na chungu kimoja tu, kiwe cha mbaazi za nazi.

Chukua vikombe viwili vya mbaazi kavu, uzichague mawe na kuziloweka usiku kucha, kisha umwage maji hayo na kuzichemsha kwa maji mapya hadi zipondeke vidoleni bila kubaki na kiini kigumu. Zikiwa motoni, ukune nazi moja kubwa iliyokomaa, utie kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, ukamue tui zito na kuliweka kando. Machicha hayohayo yatie vikombe viwili vya maji, ukamue tena upate tui jepesi. Tui jepesi ndilo la kupikia na tui zito ndilo la kumalizia, na anayemimina yote mawili kwa pamoja tangu mwanzo huishia na mchuzi wenye mafuta yanayoelea juu na ladha iliyopwaya.

Mbaazi zikiiva, mimina tui jepesi pamoja na kitunguu kilichokatwakatwa, nusu kijiko cha chai cha manjano, chumvi, na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa, ambayo itatoa harufu yake bila kuunguza ulimi. Acha vichemke taratibu hadi mchuzi upungue kwa nusu, uponde mbaazi chache ubavuni mwa sufuria kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi ushike uzito, ndipo utie tui zito. Kuanzia hapo usiondoke jikoni: sufuria iwe wazi, moto uwe mdogo na mwiko usisite kukoroga, kwa kuwa tui zito likiachwa lichemke kwa nguvu hukatika, na likishakatika halirudi. Ukiona vipovu vidogo pembeni na mchuzi umeushika mwiko, epua.

Mbaazi hizi huliwa asubuhi kwa mahamri, na hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Mahamri ya unga wa ngano, hamira, sukari, iliki na tui ni chakula cha mimea kitupu, lakini wapishi wengi huongeza maziwa ya unga au yai, hivyo ukinunua uulize kwa upole kabla ya kulipa. Vivyo hivyo kwa chapati zilizopakwa samli, majarini ambazo baadhi yake zina maziwa, mboga za majani zilizotiwa dagaa wa kusaga, na vidonge vya mchuzi vyenye nyama ndani yake.

Kisamvu cha karanga, makande, maharage ya nazi na mchicha havihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyelelewa navyo. Nitasisitiza jambo moja tu kuhusu kisamvu: majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi, kwa hiyo yatwangwe vizuri na kuchemshwa hadi yaive kabisa, chungu kikiwa wazi ili mvuke utoke.

Pilau ndiyo huwatia watu wasiwasi, nami naelewa, kwani ni chakula cha sherehe na harufu ya nyama imezoeleka humo. Hata hivyo, rangi na sehemu kubwa ya ladha yake hutoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa polepole hadi viwe hudhurungi iliyokolea, pamoja na bizari ya pilau, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga. Usivifanyie haraka vitunguu hivyo. Vipe robo saa au zaidi, kisha utie viazi na njegere, au nyama ya soya iliyolowekwa kwa maji ya moto, ikakamuliwa na kukaangwa kwanza ili isiwe kama sifongo.

Kwa upande wa afya, vitamini B12 haipatikani kwa kutegemewa katika mimea, kwa hiyo ni lazima utumie vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo, na mama mjamzito au anayenyonyesha azungumze na mhudumu wa afya mapema. Madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na mboga za majani hufyonzwa vizuri zaidi ukikamulia ndimu au kula chungwa, na chai hupunguza ufyonzwaji huo, basi ni bora kuinywa baadaye, mbali na mlo.

Hamu ya saa kumi jioni ndiyo inayowashinda wengi, na dawa yake ni kuwa na kitu tayari: karanga za kukaanga, kashata isiyotiwa maziwa, muhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili, au embe bichi lenye chumvi. Mimi huchagua badia za kunde. Loweka kikombe kimoja cha kunde kwa saa sita, uzisugue kwa viganja hadi maganda yaelee na kuyamwaga, kisha uzisage pamoja na kitunguu saumu na pilipili kwa maji kidogo sana. Upige mchanganyiko huo kwa mwiko hadi uwe mwepesi, na ili kujua kama umetosha, dondosha tone moja ndani ya bilauri ya maji: likizama endelea kupiga, likielea weka mafuta jikoni. Kitunguu maji, kotmiri na chumvi vitiwe mwisho kabisa, kwa sababu kitunguu kikikutana na chumvi hutoa maji na kuulegeza unga. Kaanga kwa moto wa wastani, kijiko kimoja kimoja, na uzile zikiwa moto kwa chatne ya nazi iliyosagwa na pilipili na ndimu.