Simu ya Bibi Mkononi mwa Mjukuu: Mambo ya Kupanga Kabla Hujampa

Shikamooni mabibi na mababu. Mimi ni fundi simu, na shule zikifunga wateja wangu wengi ni ninyi. Bibi mmoja aliniletea simu yake, namba ya siri imeandikwa kwa kalamu ndani ya kava. Mjukuu ndiye aliyemwandikia asisahau, na namba hiyohiyo ndiyo ya M-Pesa.

Hatua ya 1. Tenganisha namba hizo mbili. Ya kufungulia simu mjukuu anaweza kuijua. Ya pesa asiijue, hata kama ndiye anayekusomea meseji.

Hatua ya 2. Fungua WhatsApp, gusa vidoti vitatu juu, ingia Mipangilio, Faragha, kisha Vikundi. Ukikuta "Kila mtu", badilisha, uache wale tu uliohifadhi namba zao. Usipofanya hivyo, mtu usiyemjua anaweza kukutia kwenye kundi la picha chafu, na wa kwanza kuziona atakuwa mtoto. Akaunti ya kawaida ya peke yake usimfungulie akiwa hajafika miaka 13. WhatsApp wenyewe hawaruhusu.

Hatua ya 3. Kwenye mipangilio ya YouTube washa kichujio cha video zisizofaa watoto. Kinapunguza, hakimalizi. Kwa hiyo katuni aangalie sebuleni, sauti ikisikika, si chini ya shuka.

Hatua ya 4, na hii ndiyo naomba muishike kuliko zote. Kaa naye, mwambie kwa upole: "Mtu akikuomba picha, akikuuliza unasoma wapi, au akikwambia usimwambie bibi, niletee simu hapohapo. Sitakuchapa." Na kweli usimchape. Nimewahi kuletewa simu ya mtoto wa darasa la tano aliyekuwa akitishwa. Kwa kuogopa fimbo alifuta kila kitu, tukabaki hatuna namba wala meseji ya kuonyesha.

Hatua ya 5. Likitokea, usifute chochote. Piga picha meseji na namba ya huyo mtu, ndipo umzuie. Kama kuna picha za mtoto mwenyewe, usizitume kwa yeyote, hata kwa shangazi yake kuomba ushauri. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto hapa Tanzania. Ni bure, na Kenya namba ni hiyohiyo. Ukienda polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, na uende na simu yenyewe, ikiwa na chaji.