Pete ya tyubu: namna ya kufungua kizibo kigumu cha chupa ya soda au maji

Mimi ni fundi pancha hapa Uyole, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam. Kutwa nzima mikono yangu inashika tyubu, kwa hiyo usishangae nikikwambia kwamba dawa ya kizibo kigumu ni tyubu pia.

Habari yenyewe ilianzia kwa mama yangu, anakaa Tukuyu. Ana baridi yabisi ya miaka mingi, vifundo vya vidole vimevimba, na mkono wa kulia ndio mbaya zaidi. Siku moja nimefika, nimesalimu, "Mugonile, mama," nikainama kusukuma mfuko wangu chini ya kitanda nikakuta chupa sita za soda zimepangwa. Alipewa kwenye kipaimara cha mjukuu wake, miezi miwili imepita.

"Mama, mbona hunywi soda zako?"

"Nitamwita nani kila siku, baba? Watoto wa jirani wanashinda shule."

Nikachukua moja nikaifungua pale pale, mara moja tu, kizibo kikatoka. Badala ya kujisikia mwana mwema nikaona aibu. Nimezoea kuona tairi ya lori ikinishinda, sikuwahi kufikiria kwamba kizibo cha soda kinaweza kumshinda mtu mzima nyumbani kwake.

Kabla ya kukata chochote, elewa kwanza unashindana na nini. Kizibo kipya cha plastiki kimeungana na pete nyembamba iliyo chini yake kwa vijino vidogo vidogo. Unapozungusha mara ya kwanza unavikata vile vijino, ndiyo ule mlio wa "trrk" unaousikia. Ndiyo maana chupa ikishafunguliwa mara moja, mara ya pili huwa laini. Halafu kuna gesi. Gesi inasukuma kizibo juu, kizibo kinang'ang'ania kwenye hesi, zile sisi mafundi tunaziita thredi. Soda ya moto ina msukumo mkubwa kuliko ya baridi, kwa hiyo chupa iliyoachwa juani usianze kupigana nayo. Itumbukize kwenye ndoo ya maji baridi nusu saa kwanza.

Na sisi watu wa huku juu tuna la ziada. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje inabana kidogo kuliko ya pwani, karibu moja ya tano imepungua. Ukitaka kuamini, chukua chupa tupu ya maji, ifunge vizuri Uyole, panda nayo koasta hadi Kyela. Ukishuka utaikuta imebonyea ubavuni kana kwamba mtu ameikamua. Sasa ifungue, ifunge tena hukohuko Kyela na urudi nayo: itakuja imekaza kama tairi iliyojazwa upepo. Chupa iliyofungwa Dar es Salaam ikapandishwa na lori mpaka kwetu inafika hivyohivyo, imekaza.

Ongeza asubuhi za Juni na Julai, vidole vimekufa ganzi, kizibo kina umande. Hapo hata kijana anatumia pindo la shati.

Pindo la shati linasaidia, lakini kitambaa kinateleza na kinataka ubane kwa nguvu. Mtu wa baridi yabisi kinachomuuma ni kule kubana. Kuzungusha mkono anaweza, kubana vidole hawezi. Mpira unashika wenyewe, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Kutengeneza pete

Tafuta tyubu ya baiskeli iliyokufa. Fundi yeyote wa pancha atakupa bure au kwa bei ya kuonana tu, maana nyingi tunazikata mipira ya kufungia mizigo kwenye keria. Tyubu ya pikipiki nayo inafaa ila ni nene. Ya lori achana nayo, nilijaribu, ni kama kumvalisha mtoto koti la babu yake. Angalia isiwe na nyufa. Ivute: ikionyesha mistari myeupe ya kupasuka, hiyo imezeeka.

Kipimo ndicho cha muhimu. Kizibo cha kawaida cha soda ya plastiki ukikizungushia uzi utapata kama sentimita 9 na nusu. Tyubu ninayoipenda mimi ukiilaza bapa mezani ina upana wa sentimita 4, yaani mzunguko wake ni 8. Kwa hiyo inabidi itanuke kidogo kuingia, na ikishaingia inabana yenyewe bila mkono wa mtu. Ukipata yenye upana wa 5 itaingia bila shida na kuzunguka peke yake juu ya kizibo, kazi bure.

Kata kipande cha mbali na valvu na mbali na kiraka chochote. Tumia mkasi mkali, ukate mara moja tu, moja kwa moja. Ukikata kwa kurudiarudia unaacha vijipengo, na pete itapasukia hapohapo siku ya tatu.

Urefu wa kipande: sentimita 2. Hapa nilikosea mimi mwenyewe, na nakueleza ili usirudie. Pete za kwanza nilizompelekea Mama nilizikata sentimita 6, nikidhani mpira mwingi ndiyo nguvu nyingi. Zikafunika kizibo, zikafunika ile pete ndogo ya chini, zikashika na shingo ya chupa. Mama akazungusha mpaka akachoka, kumbe mpira umeshika kizibo na chupa kwa pamoja, unazungusha nini sasa? Ni kama kujaribu kufungua mlango huku umeufunga kwa mguu. Pete ikae juu ya kizibo tu. Vizibo vya siku hizi ni vifupi kuliko vya zamani, kwa hiyo vingine vinataka hata sentimita moja na nusu. Ikizidi, mkia wake uuache juu, usishuke shingoni.

Halafu poda. Ndani ya tyubu nyingi kuna unga mweupe, umewekwa ili mpira usigandane. Unga huo unateleza kuliko sabuni. Pindua kipande nje ndani kama soksi, ili upande uliokuwa nje ndio uguse kizibo, kisha kioshe pande zote kwa sabuni na maji, suuza, kikaushe kivulini. Usioshe kwa petroli wala mafuta ya taa. Petroli inaharibu mpira, na hiki ni kitu cha kushika chupa za kunywea.

Kutumia

Weka akilini kwanza upande wa kuzungusha: kinyume cha mshale wa saa, ukitazama kutoka juu. Mafundi baiskeli tuna ugonjwa wetu hapa, kwa sababu pedali ya kushoto hesi yake imegeuzwa na inafunguliwa upande wa pili. Vizibo vya vinywaji havina mambo hayo.

Visha pete kwenye kizibo kikavu. Kama kina umande, futa. Asubuhi ya baridi weka pete kwanza mfukoni au kwapani dakika moja, mpira wa baridi unakuwa mkaidi. Sasa usishike kwa ncha za vidole. Weka kiganja chote juu ya kizibo, vidole vishuke pembeni bila kubana, na uzungushe kutoka kwenye kiwiko.

Mkono wa pili ushike chupa juu karibu na mabega yake, pale plastiki ilipo ngumu. Ukishika kiunoni, chupa laini ya maji itabonyea, na kizibo kikiachia tu, maji yote kifuani. Asiyeweza kushika kwa mkono wa pili akae, aibane chupa kwa magoti. Au apasue kipande cha tyubu cha urefu wa sentimita 25, akilaze mezani na chupa iwe juu yake. Kitako hakitazunguka tena.

Kwa soda, zungusha kidogo tu mpaka usikie "fsss", halafu simama. Acha gesi itoke, hesabu mpaka kumi, ndipo umalizie. Uso usiwe juu ya chupa. Chupa iliyotoka kwenye bodaboda kupitia mashimo iache itulie kwanza.

Na tafadhali, meno. Naona vijana hapa stendi wanafungua kwa meno kama sifa. Jino lililovunjika hakuna fundi wa kuliziba kwa kiraka na solesheni.

Vile vizibo vya bati vyenye meno kwenye soda na bia za chupa ya kioo ni habari nyingine. Vingi havikutengenezwa vizungushwe, vinataka opena. Ukivilazimisha vitakukata kiganja, hata ukiwa na mpira.

Wakati pete haitoshi

Kuna siku mkono wa Mama unakataa hata pete. Kwa siku hizo nilimtengenezea kitu cha mbao chini ya rafu ya jikoni, na kusema kweli hicho ndicho ninachojivunia.

Chukua vipande viwili vya mbao, kila kimoja urefu wa sentimita 15 na unene wa sentimita 2. Vipigilie misumari upande wa chini wa rafu, au chini ya ukingo wa meza nzito, viwe kama mguu wa kunguru: mdomoni vimeachana sentimita 8, mwisho vimekaribiana kufikia 2. Kingo za ndani zivishe tyubu. Ipake solesheni, subiri ikauke kidogo, bandika, halafu piga vijimsumari vifupi mwishoni.

Unaleta chupa kutoka chini ikiwa imesimama wima, kizibo kinaingia katikati ya mbao, unaisukuma ndani mpaka kizibo kinase. Sasa kizibo kimekamatwa, na wewe unazungusha chupa yenyewe kwa mikono miwili, kuelekea kulia, kama mshale wa saa ukitazama kutoka juu. Hapa chupa ndiyo inayozunguka, kwa hiyo upande unageuka. Mama alichanganya wiki nzima mpaka nilipomchorea mshale kwa chaki kwenye rafu.

Faida yake ni kwamba chupa ni nene kuliko kizibo. Kizibo kina upana wa sentimita 3, chupa ya nusu lita ina 6 na kitu, basi nguvu yako inazaa mara mbili bila wewe kuongeza chochote. Mikono yote miwili inakumbatia, hakuna kidole kinachobana. Kwa soda, legeza tu hapo chini ya rafu mpaka ilie, kisha uitoe umalizie mezani. Ukiifungulia palepale utapaka dari.

Mbao hizohizo zinafungua chupa za asali na jamu, maana mdomo wa sentimita 8 unameza mifuniko mipana. Ila ya asali mara nyingi imegandishwa na sukari kwenye hesi, basi mwagia maji ya moto kwenye mfuniko kwanza, ufute, ndipo uingize.

Ulanzi, ile pombe ya mianzi, nao unataka neno lake. Wageni wa kutoka Iringa wakileta dumu la ulanzi unaoendelea kuchachuka, gesi inaongezeka njiani. Dumu lililovimba usilitie kwenye mbao. Pete ya tyubu ya pikipiki, dumu liwe nje uani, legeza robo mzunguko, subiri.

Pete ikishatumika ioshe, itundike kwenye msumari ndani. Jua na mafuta ya kula ndivyo vinavyoiua, inaanza kunata kisha inalegea. Usiiache kwenye chupa ya dawa au ya mafuta ya taa, kwa sababu kizibo kigumu ndicho kinachomzuia mtoto asifike ndani. Tyubu moja nzima ya inchi 28 ukitoa sehemu ya valvu na viraka inakupa pete zaidi ya sabini, kwa hiyo ikilegea tupa, kata nyingine.

Pete ya kwanza iliyomfaa Mama hakukaa nayo wiki, alimpa bibi wa nyumba ya pili. Sasa kila nikishuka Tukuyu nabeba kumi. Safari iliyopita alinifungia mkungu wa ndizi kwa mpira wangu mwenyewe, akaniambia "ndaga, baba," yaani asante, akanipa na chupa ya maji ya njiani. Nilipotaka kuifungua tukiwa tunapanda Isongole, nikakuta kizibo ameshakilegeza.